Shajara ya mradi: Kutoka TV za chogo hadi betri za sola, Tanga mjini

Mradi huu unawafundisha upya mafundi redio na TV wa Tanga mjini ili waweze kutengeneza mifumo midogo ya sola na betri za lithiamu. Ninaongeza maelezo kila hatua inapokamilika, ili mwenye nia ya kufanya hivi kwao, awe Lindi au Kigoma, aone fedha ilikokwenda na mahali tulipokwama. Gharama zote ni kwa shilingi za Tanzania. Fedha ni michango yetu wenyewe, watu wachache wenye wazazi au ndugu katika kazi hii. Majina ya mafundi siyataji.

Novemba 2023: Hali tuliyoikuta

Tulizunguka vibanda vya Ngamiani, Makorora na Chumbageni. Karibu kila kibanda kina rafu ileile: flaibeki (transfoma za volti kubwa za TV) zilizopangwa kwa ukubwa, spika zilizotolewa kwenye redio za National na Philips, TV za chogo mbili tatu ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua. Wenye vibanda wengi wamevuka miaka arobaini na mitano.

Watu husema kazi yao iliuawa na king'amuzi. Sivyo ilivyokuwa. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam mwisho wa 2012 na Tanga mwanzoni mwa 2013, lakini TV ya chogo iliendelea kufanya kazi ikiwa na king'amuzi pembeni, na fundi akaendelea kula. Kilichoikata riziki ni TV bapa ya bei nafuu. Kioo chake kikipasuka, kioo kipya kinakaribia bei ya TV nzima. Bodi yake ni moja, ikiungua inang'olewa na kuwekwa nyingine, na anayeiuza ni duka, fundi hapati kitu. Redio nayo imehamia kwenye simu.

Tanga inajua namna nyingine ya kazi kufa. Mkonge ulipofika kilele katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kamba za plastiki zilipoingia, makambi mazima yalihamwa, na kila mtu aliona. Fundi redio hakuna anayemwona. Hana mwajiri wa kumpa barua ya kupunguzwa kazi, hana kiinua mgongo, hana chama cha kumpigania. Wateja wanapungua tu, mwezi hadi mwezi, naye anaendelea kufungua kibanda saa mbili asubuhi. Ndiyo maana tulianza na yeye.

Kwa nini sola na betri? Mwishoni mwa 2023 mgao wa umeme ulikuwa mkali, na kila mwenye saluni au duka la vinywaji baridi alikuwa anaulizia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa 230V. Tuliliacha wazo la simu kwa sababu vijana wamejaa huko na kazi yenyewe inataka hadubini. Fundi redio tayari anajua kulehemu, anajua kusoma mita, na ana kitu ambacho hakifundishiki kwa miezi michache: anaweza kukaa na kifaa kilichokufa mpaka akijue kilipofia.

Januari 2024: Ratiba ya kwanza ilivyovunjika

Tulipata mafundi kumi na wawili, mmoja wao mama wa Makorora aliyerithi kibanda cha marehemu mumewe. Sharti lilikuwa moja: uwe na kibanda kinachofanya kazi hadi leo.

Tuliazima chumba, tukapanga masomo ya kutwa, Jumatatu hadi Ijumaa, kama chuo. Wiki ya pili chumba kilikuwa nusu tupu. Hakuna aliyelalamika, watu wazima hawalalamiki, wanaacha kuja. Tuliwafuata vibandani mmoja mmoja, na jibu likawa lilelile. Fundi akifunga kutwa anapoteza hela ya siku, lakini hilo analivumilia. Asichoweza kukivumilia ni mteja aliyeacha redio yake kukuta kufuli mara mbili. Mara ya tatu habari zimeenea mtaa mzima kwamba fundi amekimbia na vitu vya watu. Jina alilolijenga kwa miaka ishirini linaharibika kwa sababu ya kozi yetu.

Tulibadilisha mambo matatu. Masomo yakawa asubuhi mbili kwa wiki, saa moja na nusu hadi saa tano, kwa kuwa wateja wengi huja kuanzia mchana. Kila anayehudhuria akawa anapewa fidia ya shilingi 8,000, yaani hadi 96,000 kwa kila kipindi kama wote kumi na wawili wangekuja. Na mazoezi yakahamia kwenye vibanda vyenyewe: mwalimu ndiye anayetembea.

Fidia ilitugawa sisi wachangiaji. Wapo waliosema tukilipa tutawapata wanaofuata hela. Mimi nilisimama upande wa kulipa na bado nasimama hapo. Kumwambia mtu anayepeleka unga nyumbani kila jioni kwamba ajifunze bure ni kumwambia mkewe na wanawe walale na njaa kwa ajili ya mpango wetu. Baada ya mabadiliko hayo mahudhurio yalikaa sawa hadi mwisho.

Februari 2024: Macho

Hii ndiyo sehemu ninayotamani kila atakayeiga aisome kabla ya kununua chochote.

Mmoja wa mafundi bora zaidi, mtu ambaye mafundi wenzake humpelekea kazi zilizowashinda, alianza kukaa nyuma. Akawa anakiacha chuma cha kulehemu mwenzake ashike. Kisha akaacha kuja, akatuma salamu kwamba mambo haya ni ya vijana. Mwalimu wetu, kijana wa miaka ishirini na sita, alimtembelea kibandani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kunirudisha shule?"

"Hapana, Mzee. Nimekuja na bodi imenishinda, nilikuwa naomba unisaidie kuiangalia."

Mzee aliichukua, akaisogeza mbali na uso, akaisogeza mbali zaidi, hadi mkono ukaisha. Kijana akaona.

Baada ya miaka arobaini hivi jicho la binadamu yeyote huanza kushindwa kuona cha karibu. Kwenye TV ya chogo halikumsumbua: rezista ina mistari ya rangi, kapasita ni kubwa kama kidole, na flaibeki unaikamata kwa mkono mzima. Kwenye bodi ya chaja ya sola maandishi hayafiki milimita moja. Mzee hakuwa ameshindwa kujifunza. Alikuwa haoni, na kwa heshima yake hakutaka kulisema mbele ya watu waliozoea kumwita bingwa.

Tulimwomba mhudumu wa macho aje na lenzi zake asubuhi moja. Wanane walihitaji miwani ya kusomea, wengi kati ya +1.50 na +2.50. Miwani ilikuwa shilingi 4,000 hadi 6,000 kila moja. Tukaongeza taa nne zenye kioo cha kukuza, 35,000 kila moja, zikawa za kuzunguka vibandani. Jumla ilikuwa chini ya shilingi 200,000, nayo imefanya kazi kuliko kitu kingine chochote tulichonunua. Mzee alirudi wiki iliyofuata na akakaa mbele.

Bajeti yetu ya awali haikuwa na mstari wa miwani. Sasa ndio mstari wa kwanza.

Machi 2024: Woga uliokaa mahali pengine

Ramadhani ilianza tarehe 12, tukafupisha vipindi na kuacha kabisa mazoezi ya kubeba betri mchana. Mambo ya msingi yalikwenda bila shida: kupima paneli, kuunganisha chaja, kusoma hali ya betri kwa volti. Mafundi hawa walimaliza kwa siku chache kile ambacho mwanafunzi mpya hukichukua mwezi. Shida zilitoka upande ambao hatukuutazamia. Zilitoka kwenye kile wanachokijua vizuri.

Ya kwanza ilikuwa shoti. Fundi wa TV amelelewa kuogopa volti. Flaibeki ya TV ya rangi hutoa volti 20,000 na zaidi, na kila mmoja wao ana hadithi ya kurushwa. Betri ya 12V kwake ni kitu cha kushika kwa mikono mitupu, na kweli 12V haimrushi mtu. Lakini betri ya 100Ah (ampea-saa 100) ikipigwa shoti inamwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Fundi mmoja alikuwa anakaza nati, spana ikaegemea kichwa cha pili. Ikashikamana palepale, ikawa nyekundu, na ngozi ya vidole viwili ikaondoka. Kidonda kilipona, lakini darasa zima lilinyamaza, kwa sababu aliyeungua ndiye aliyekuwa mwangalifu kuliko wote.

Tangu siku hiyo spana zote zimezungushiwa utepe wa umeme isipokuwa mdomo. Saa na pete zinavuliwa kabla ya kugusa betri. Fyuzi inakaa isiyozidi shubiri moja kutoka kichwa cha chanya, na inachomekwa mwisho kabisa.

Ya pili ilikuwa waya. Kazi yetu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa duka moja la vinywaji. Betri mpya, inveta mpya, na kila wakiwasha mzigo inveta inalia kwamba betri imeisha. Betri ikipimwa ina 12.6V. Walibadilisha inveta, hali ikabaki ileile. Kosa lilikuwa waya wa milimita 1.5 za mraba, mita kumi kutoka betri hadi inveta. Kwenye umeme wa 230V kifaa cha wati 100 kinavuta chini ya nusu ampea, na waya huo unatosha na kubaki. Kwenye 12V wati hizohizo zinavuta ampea nane na kitu. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu ni mita ishirini za shaba, ukinzani wa karibu ohmu 0.23, na njiani zinapotea volti karibu mbili. Inveta inapokea 10.7V na inalia ikidhani betri imeisha. Kwa waya wa milimita 6 upotevu unashuka hadi nusu volti.

Tulibadilisha waya kwa gharama yetu na kuisogeza betri hadi mita mbili kutoka kwenye inveta. Kwa umbali huo, waya mnene haukuwa ghali kiasi cha kumtisha mteja. Kanuni yetu sasa ni betri na inveta kukaa chumba kimoja, na urefu wote uende upande wa 230V.

Ya tatu ilikuwa breka. Paneli mbili zilizofungwa mfululizo hufika karibu 80V, na mafundi waliweka breka ya kawaida ya nyumbani. Walipoizima chini ya jua, cheche ndani yake iliendelea kuwaka mpaka plastiki ikayeyuka. Umeme wa gridi hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana cheche yake hujikata. Wa paneli haupiti sifuri kamwe. Breka lazima iwe ya DC, yaani ya umeme wa mkondo mmoja, na iandikwe hivyo. Ilituunguzia 12,000 na kutuachia harufu kibandani kwa wiki nzima.

Kwa atakayeiga: usianze kwa kufundisha wasichokijua. Anza kwa kuwauliza wanachokiamini kuhusu umeme, kisha chambua kipi kinavuka nao na kipi kinabaki kwenye TV. Tungefanya hivyo Januari, vidole viwili visingeungua.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, la adabu. Mwalimu wetu hawezi kumwambia mtu wa rika la baba yake, mbele ya wenzake, kwamba amekosea. Alikuwa anazunguka maneno hadi kosa linapita. Mama wa Makorora ndiye aliyetoa njia. Alisema hapa asiseme mtu, iseme mita. Tangu hapo kila kazi inamalizika kwa kipimo kinachosomwa kwa sauti na aliyeifanya mwenyewe. Kijana husema tu, "Mzee, samahani, tuipime tena," na Mzee anaona mwenyewe. Kila kipindi pia kinaanza kwa fundi mmoja kueleza hitilafu ngumu aliyowahi kuitibu kwenye TV ya chogo, na kijana anaandika. Amejifunza mengi, na anayasema hadharani.

Mei 2024: Soko lilihama

Mtambo wa kwanza wa kuzalisha umeme wa Bwawa la Nyerere uliwashwa Februari, na mingine ikafuata. Kufikia Aprili mgao ulikuwa umelegea, na maduka yaliyoweka oda za inveta yakaanza kusema, "Subiri kwanza." Ni habari njema kwa nchi. Kwetu, shilingi 900,000 zilikuwa zimekaa kwenye vifaa ambavyo hakuna aliyevitaka, na mvua za masika zilikuwa zinanyesha mfululizo.

Hapa ndipo mafunzo mengi ya aina hii hufia. Mtu anatolewa kwenye kazi inayokufa, anapelekwa kwenye kazi ambayo soko lake lilikuwa la msimu, kisha anaachwa na cheti. Tuliacha kufundisha kwa wiki kadhaa, tukawatuma mafundi wakaulize. Swali lilikuwa moja tu: una kitu gani cha betri kilichokufa nyumbani au kazini?

Majibu yalitoka sehemu mbili. Nyumbani kulikuwa na taa na mifumo midogo ya sola ya kulipia kidogo kidogo, dhamana imekwisha, imewekwa juu ya kabati. Nyingi hazikuwa na ugonjwa mkubwa. Waya umeoza kwa chumvi ya hewa ya pwani, sehemu ya kulehemu imeachia, au bodi ya ulinzi wa betri imejifunga baada ya chaji kushuka mno na inahitaji kuamshwa kwa chaja ndogo. Kazi ya 5,000 hadi 15,000, na inafanyika palepale kibandani.

Sehemu ya pili ilikuwa Deep Sea na Sahare, kwa wavuvi wa dagaa. Nitaeleza chini.

Jambo la pembeni lililotuletea wateja ni mizani. Soko lina betri za risasi zilizobandikwa namba za uongo. Betri ya kweli ya 12V na 100Ah ina uzito wa kilo 25 au zaidi, kwa sababu umeme unakaa kwenye risasi na risasi ni nzito. Mama wa Makorora alinunua mizani ya kuning'iniza kwa 18,000 akaanza kuwapimia watu betri kabla hawajalipa dukani. Mtu akibeba "100Ah" yenye kilo 14, anamwambia airudishe. Hatozi kitu. Wanaorudi na kazi nyingine ni wengi.

Agosti 2024: Taa za wavuvi

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa inayowavuta. Wengi walikuwa bado kwenye karabai. Karabai kubwa inakunywa karibu lita moja ya mafuta ya taa kwa saa nane, na lita ilikuwa ikicheza karibu na shilingi 3,000. Wengine walikuwa na taa za LED zenye betri ya pikipiki, ambayo hufa mapema kwa kuwa haikutengenezwa kumalizwa chaji kila usiku.

Tuliamua kuunda pakiti ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti: seli nne za 3.2V na 6Ah zilizofungwa mfululizo, 12.8V, karibu wati-saa 77. Taa ya wati 10 inakaa saa sita hadi saba na akiba kidogo. Tulichagua aina hii, na siyo seli za kompyuta ndogo zilizotumika, kwa sababu inavumilia joto na haiwaki moto kwa urahisi ikiumia. Mtu akiwa nje ya ghuba usiku hana pa kukimbilia.

Pakiti za kwanza zilikufa ndani ya giza moja, yaani kipindi kimoja cha usiku usio na mbalamwezi. Sababu zilikuwa tatu, na zilichukua muda kutenganishwa.

Mafundi walilehemu waya moja kwa moja kwenye seli. Ni mabingwa wa kulehemu, na viungo vilikuwa vizuri kutazama. Joto liliingia ndani ya seli na kuiharibu, bila dalili kwa nje. Tulinunua mashine ndogo ya kuchomelea kwa nukta inayotumia vipande vya nikeli, 120,000. Mkono uliozoea chuma cha kulehemu uliichukia kwa wiki mbili hivi, baadaye ukaizoea.

Seli zilichanganywa. Zilitoka kwenye mafungu mawili tofauti, na moja dhaifu kati ya nne huzima pakiti nzima. Sasa kila seli inachajiwa kamili, inamalizwa kwa mzigo unaojulikana, muda unaandikwa juu yake kwa kalamu, na zinapangwa zinazofanana. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato.

Chumvi ndiyo ya tatu. Boksi lililoandikwa kwamba halipitishi maji lilipitisha pale waya unapotokea. Tulihamisha tundu likae chini, tukaweka kibano cha mpira cha kuziba pembeni mwa waya, na bodi yote ikapakwa vanishi safu mbili. Mvuvi mmoja wa Sahare ndiye aliyetuambia kwamba boksi huoshwa kwa maji ya bahari kila alfajiri pamoja na ngalawa, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria.

Gharama ya pakiti moja kwa sasa: seli 36,000, bodi ya ulinzi 18,000, boksi 12,000, waya, fyuzi na swichi 9,000. Jumla ni 75,000. Inauzwa 110,000, nusu mwanzoni, nusu baada ya giza. Tulijaribu kudai malipo kila mwisho wa mwezi wa kalenda, hatukupata kitu. Hela ya mvuvi inafuata mwezi wa angani. Kwa hiyo pia matengenezo yote hufanyika wakati wa mbalamwezi, vyombo vikiwa vimepumzika.

Dhamana nayo ilitoka ufukweni. Mvuvi alimuuliza mama wa Makorora, "Mama, hii ikizima huko nje, mimi namtafuta nani?" Akamjibu, "Unanitafuta mimi, mwanangu, hapahapa. Giza tatu ni juu yangu." Akaandika namba yake ya simu juu ya boksi kwa rangi ya mafuta. Wengine wote wamefuata.

Oktoba 2024: Cheti

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa kazi anayoifanya, bila kurudi darasani tangu mwanzo. Ni utaratibu mzuri na tulitaka wote waupitie. Kazi za mikono hazikumsumbua yeyote.

Kilichosumbua ni majina. Fundi ana jina moja kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi nyingine kwenye kadi ya kura, na la tatu ndilo mtaa unalomjua. Tulilipia viapo kwa wakili, na mwezi mzima ukaenda. Atakayeiga aanze na karatasi hizi siku ya usajili.

Saba wamepimwa. Mzee mmoja alikataa, akasema wateja wake hawajawahi kumwomba cheti. Nimemwelewa, na sikumlazimisha. Hata hivyo shule na zahanati zenye sola hazimwiti mtu asiye na karatasi, na huko ndiko kwenye kazi za kudumu. Cheti hiki pia si leseni ya kufunga umeme majengoni. Hiyo hutolewa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa masharti yake. Kwa hiyo tumebaki kwenye matengenezo na mifumo midogo ya kubebeka, na kazi kubwa tunashirikiana na fundi mwenye leseni.

Desemba 2024: Hesabu

Kati ya kumi na wawili, wanane sasa wanapata sehemu kubwa ya kipato chao kwenye sola na betri. Wawili wamebaki na redio na spika, wanafanya kazi ya betri ikijileta. Mmoja amerudi Muheza kwenye michungwa ya familia, na mmoja anaendesha bodaboda. Huyu wa bodaboda aliondoka Januari, kabla ya kubadilisha ratiba, na nadhani tungempata.

Matumizi yote ni karibu shilingi milioni 7.4. Fidia ya mahudhurio milioni 2.6. Vifaa vya pamoja milioni 1.9. Posho ya mwalimu milioni 1.5. Vilivyoungua na kuharibika katika kujifunza 900,000. Viapo, ada na nauli za cheti karibu 300,000. Miwani na taa za kukuza karibu 200,000. Kwa kila fundi ni kama 620,000. Wanaotaka kupunguza huuliza kwanza kuhusu fidia. Mimi ningepunguza vifaa. Mita za bei ya juu tulizonunua mbili zimekaa sandukuni, kwa sababu kila fundi anaiamini ya kwake.

Kundi la pili litaanza baada ya Januari kupita na ada za shule kulipwa, si kabla. Litakuwa la watu wanane, na walimu watakuwa wawili: kijana yuleyule, na Mzee wa miwani.

Jambo lililobaki wazi ni seli zilizokufa. Kila pakiti inayorudi inaacha kitu, na hatutaki ziende jalalani Mpirani au zichomwe. Kwa sasa tunazifunga vichwa kwa utepe na kuziweka kwenye pipa la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya kibanda, chini ya bati. Pipa limefika nusu. Kuzisafirisha na kuzipokea kunataka mtu mwenye kibali cha taka hatarishi, na kwa mzigo mdogo kama wetu waliojibu hadi sasa wanataka tulipe nauli ya hadi Dar es Salaam. Tunauliza vikundi vingine vya Pangani na Muheza kama wana zao, ili tupakie gari moja. Bei tutakayoipata nitaiandika hapa.